Fahamu: Kwa nini msaada wa maafa kwa wafanyabiashara wadogo Marekani ni mkopo

Kimbunga Helene kilipoipiga Marekani Septemba 2024, mafuriko yalifagia maduka na migahawa ya Asheville, North Carolina. Wengi hudhani FEMA, shirika la maafa la serikali kuu, humfidia mwenye duka. Sivyo: ruzuku zake huweza kwenda kwa kaya, si kwa biashara. Mfanyabiashara huelekezwa SBA, wakala wa biashara ndogo ulioundwa 1953, na huko hupewa mkopo: hadi dola milioni 2, riba isiyozidi asilimia 4 kwa asiyeweza kukopa kwingine, marejesho hadi miaka 30. Masharti ni nafuu, lakini deni ni deni, na linamwangukia mtu ambaye mauzo yake yamekatika na huenda bado anadaiwa mkopo wa zamani. Tena, uwezo wa kulipa hupimwa kwanza, kwa hiyo aliyeumia zaidi ndiye rahisi kukataliwa.

Watetezi wa mkopo husema fedha hurudi zikasaidie wengine, na kwamba ruzuku huvutia wadanganyifu. Hoja ya pili ina uzito, ila mikopo ya SBA yenyewe wakati wa UVIKO-19 iliibiwa kwa mabilioni. Kinga ni ukaguzi. Ile ya kwanza iliyumba Oktoba 2024, mfuko wa mikopo ya maafa ya SBA ulipokauka wiki chache baada ya kimbunga. Bunge liliujaza Desemba. Kwa duka dogo, miezi miwili bila mtaji ni mingi. Ruzuku ndogo ya haraka, kisha mkopo, ingeliziba pengo hilo.