Laptopu moja, skrini tatu: Jinsi macho yangu yalivyoacha kuwa bodaboda Busia

Neno bodaboda lilizaliwa huku kwetu mpakani. Vijana wa baiskeli walikuwa wakibeba watu kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda, wakiita abiria, "Boda-boda! Boda-boda!" Jina likashika, likafika Kampala, Nairobi na kwingineko. Baiskeli zimeacha nafasi kwa pikipiki, lakini kazi ni ileile: chukua hapa, shusha pale, rudi tena.

Mimi pia nilikuwa bodaboda. Tofauti ni kwamba nilikuwa nikibeba namba.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama. Binamu yangu akanitafutia kazi kwa ofisi ya ajenti wa forodha hapa Busia mjini. Kama hujui hiyo kazi, wacha nikwambie. Kila lori linalovuka na mzigo lina karatasi zake: invoisi ya muuzaji, orodha ya mzigo, cheti cha asili ya bidhaa, na vibali kama ni chakula au mazao. Hayo yote lazima mtu akae chini ayaingize kwenye mfumo. KRA wana wao, iCMS. Vibali vinaombwa kupitia mfumo unaosimamiwa na KenTrade. Ng'ambo ya pili, URA wanatumia ASYCUDA. Huyo mtu wa kukaa chini ndiye mimi.

Sasa fikiria hiyo kazi kwa laptopu yenye skrini ya inchi 14. Unafungua invoisi, unasoma uzito, unaufunga, unafungua fomu, unaandika ulichokumbuka. Halafu unarudi kwa invoisi kuangalia namba inayofuata. Macho na kichwa vinavuka mpaka mara mia mbili kwa siku.

Siku moja vikaanguka njiani. Lori lilikuwa limetoka Uganda na mashudu ya kulisha ng'ombe. Invoisi ilisema kilo 27,600. Mimi nikaandika 26,700. Lori lilipopanda mizani, mizani ikasema ukweli wake, na karatasi zangu zikasema uongo wangu. Ikabidi ingizo lirekebishwe na liidhinishwe upya. Dereva na taniboi wake walilala kwa gari usiku mbili.

Siku ya pili dereva alikuja ofisini, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Kijana wangu, mimi silipwi kwa kulala." Madam, ndiye mdosi wangu, alingoja atoke kisha akasema, "Hii ikirudi mara ya pili, utaniachia ufunguo wa ofisi."

Kama umewahi kuwa na kazi moja tu na kodi ya nyumba inakungoja, unajua huo usiku nililalaje.

Nilichokiona Malaba

Wiki hiyohiyo nilitumwa Malaba kupeleka faili. Malaba ni ndogo kuliko Busia lakini malori yake si ya kuchezea. Reli ya zamani inavukia hapo kuingia Uganda, na matrela ya kutoka Mombasa hayaishi. Ukitaka kujua foleni ni nini, waulize wenyeji kuhusu Januari 2022, wakati wa mzozo wa madereva kupimwa Covid. Waliona malori yamejipanga kilomita baada ya kilomita.

Rafiki yangu anafanya kazi kama yangu kwa ofisi moja hapo. Kwa meza yake nikaona laptopu ya mtumba, HP EliteBook 840, imebandikwa ubavuni kwa kifaa cheusi chembamba. Kutoka kwa hicho kifaa zilitoka nyaya za skrini mbili kubwa, kibodi, kipanya na intaneti. Kushoto alikuwa na invoisi. Katikati, fomu. Kwa laptopu yenyewe, WhatsApp ya madereva. Alikuwa anasoma na kuandika bila kufunga kitu. Jioni akabonyeza kitufe, laptopu ikabanduka, akaitia kwa begi akaenda nyumbani.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Doki," akasema.

Nikarudi Busia na neno moja kichwani: doki. Hapo ndipo kosa langu la pili lilipoanza, kwa sababu nilidhani doki ni doki.

Sh4,500 zikaenda hivyo

Niliagiza mtandaoni kifaa kidogo chenye mkia wa USB-C na matundu mawili ya HDMI. Picha yake ilionyesha laptopu na skrini mbili zinang'aa. Sh4,500. Kilipofika nikakopa skrini mbili, nikachomeka, nikangoja. Kimya. Kipanya kilifanya kazi, flashi ikasomeka, lakini skrini zote mbili zilibaki nyeusi kama usiku wa kukosa stima.

Kifaa hakikuwa kibovu, na aliyeniuzia hakunidanganya. Laptopu yangu ndiyo haikuwa na uwezo huo, na sikuwa nimeuliza. Hili ndilo jambo moja ningependa ubebe kutoka kwa makala haya: doki haitengenezi skrini. Picha hutengenezwa na chipu iliyo ndani ya laptopu. Doki inapokea kile laptopu inatoa na kukigawa. Laptopu ikiwa haitoi picha kwa tundu hilo, doki itapokea hewa.

Elewa kwa mfano wa hapa kwetu. Zamani lori lilisimama mara mbili, Kenya likakaguliwa, Uganda likakaguliwa tena. Kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, mambo yakawa ya kusimama mara moja, upande ule unaoingia, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Doki ni kituo cha pamoja cha meza yako: waya mmoja unaingia, halafu hapo ndani picha, intaneti, kibodi na chaji vinashughulikiwa kwa pamoja. Lakini kituo hakiwezi kupitisha mzigo ambao lori halikubeba.

Ndani ya tundu la USB-C kuna njia nne za kasi. Doki nyingi za kawaida huchukua njia mbili kwa picha na mbili kwa data. Picha za skrini mbili husafiri pamoja kama msafara, kisha doki inazitenganisha, kila moja kwa skrini yake. Mbinu hiyo inaitwa MST. Skrini mbili za kawaida za pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha humo bila shida. Ukitaka mbili za 4K zenye mwendo laini, tafuta laptopu na doki za Thunderbolt 3 au 4, ambazo hubeba hadi gigabiti 40 kwa sekunde.

Tatizo ni kwamba matundu ya USB-C yanafanana yote kwa sura. Kuna yanayobeba data peke yake, kuna yanayobeba data na chaji, na kuna yanayobeba vyote pamoja na picha. Langu lilikuwa la data peke yake.

Aina tatu za doki

Ukiingia dukani, utakutana na koo tatu.

Ya kwanza ni ya kubandika, kama ile ya Malaba. Imetengenezwa kwa familia moja ya laptopu na haiingii kwa nyingine. HP UltraSlim inakaa na EliteBook 840 za G1 hadi G4. Dell E-Port ni ya Latitude za zamani za herufi E. ThinkPad nazo zina zake. Hizi zinakuja na mitumba ya ex-UK, na kwa kuwa ni za zamani watu wengi hawazitaki. Kama una laptopu inayolingana nayo, hapo umebahatika.

Ya pili ni ya USB-C au Thunderbolt. Hii ndiyo ya kisasa, waya mmoja, na nyingi huchaji laptopu pia. Inataka tundu linalotoa picha. Wenye MacBook, tahadhari: mfumo wa Mac hauitumii ile mbinu ya MST kupanua skrini, kwa hivyo kwa doki ya aina hiyo skrini zako mbili zitaonyesha picha ileile. MacBook Air ya M1 nayo kwa kawaida inakubali skrini moja tu ya nje.

Ya tatu inaitwa DisplayLink, na ndiyo iliyoniokoa. Hii haitegemei tundu la picha. Unaweka programu kwenye laptopu, programu inabana picha na kuipitisha kama data ya kawaida, kisha chipu iliyo ndani ya doki inaifungua. Inafanya kazi hata kwa tundu la USB la kawaida, na hata kwa ile MacBook Air. Ubaya wake ni kwamba inamchosha prosesa, kwa hivyo kama wewe ni wa gemu au kuhariri video, si yako. Kwa invoisi na fomu, haina noma.

Niliuza kile kifaa cha kwanza kwa hasara, nikaongeza pesa, nikapata doki ya DisplayLink ya mtumba. Nikaweka programu, nikawasha upya. Skrini ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka. Nilikuwa peke yangu ofisini na nikapiga makofi.

Kabla hujatoa pesa

Jiulize kwanza kama unahitaji doki kabisa. Ukitaka skrini moja ya ziada, na laptopu yako ina HDMI, nunua waya wa HDMI basi. Doki ni ya mtu anayetaka mbili, au aliyechoka kuchomoa nyaya tano kila jioni.

Angalia alama kando ya tundu la USB-C. Alama ya radi kwa kawaida ni Thunderbolt, na hapo uko sawa. Herufi D na P zilizoungana ni DisplayPort, maana yake picha inatoka. Kama hakuna alama, geuza laptopu, soma namba ya modeli, na utafute karatasi ya sifa zake kwa tovuti ya aliyeitengeneza. Usitegemee maneno ya muuzaji.

Hesabu uwezo wa chipu. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 4 hubeba skrini tatu kwa jumla, ukihesabu na yake yenyewe.

Chunguza waya. Waya wa USB-C uliokuja na simu mara nyingi ni wa chaji na data ya polepole, haupitishi picha. Tena, ule waya wa bei rahisi wenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili husafiri njia moja: picha itoke DisplayPort iende HDMI. Ukiugeuza, hupati kitu. Skrini za mitumba zina matundu ya kila aina, kwa hivyo piga picha nyuma ya skrini kabla ya kwenda dukani.

Hakikisha doki ya mtumba imekuja na chaja yake. Kuna doki nyingi zinazouzwa bila chaja, na ya kuokoteza ikiwa na nguvu kidogo, skrini zitakuwa zinazima na kuwaka.

Ukishaunganisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague Extend. Kisha ingia kwa mipangilio ya skrini na uvute yale maboksi yakae jinsi skrini zilivyo kwa meza. Usipofanya hivyo utakuwa unatafuta kishale kushoto kumbe kimeenda kulia.

Jambo la mwisho ni stima. Ikipotea, laptopu inaendelea kwa betri lakini doki na skrini zinazima papo hapo, na madirisha yote yanarukia skrini moja. UPS ndogo inakupa dakika za kuhifadhi kazi. Na ile ya kwangu inabeba doki na skrini tu, printa nimeiweka kando.

Namba zikiwa kando kwa kando

Siwezi kukwambia kwamba sikosei tena. Skrini mbili hazimfanyi mtu awe makini. Lakini sasa invoisi iko kushoto, fomu iko katikati, na kabla sijatuma naweka kidole kwa skrini hii na kidole kwa skrini ile, nasoma tarakimu mojamoja kwa sauti. Wenzangu hunicheka. Zamani sikuweza kufanya hivyo, kwa sababu moja ikiwa wazi nyingine ilikuwa imefichwa.

Mwezi uliopita nilisikia sauti ya chini mlangoni. Yule mzee wa mashudu. Alileta karatasi zake, akavuta kiti, akasema atangoja hapohapo aone ninachoandika. Nikageuza skrini ya kulia imwelekee. Akavaa miwani, akasoma uzito kwa invoisi, akasoma uzito kwa fomu.

"Sawa," akasema. "Tuma."

Nikatuma. Jioni nilipokuwa nafunga ofisi, kwa ufunguo ambao bado niko nao, lori lake lilikuwa limeshaondoka.