Moshi jasho, Marangu sweta: Mlima unavyogawa baridi, mvua na mafuriko

Mchana wa Februari pale stendi ya Moshi jasho linakutoka. Panda gari la Marangu, na ukifika lango la kupandia Mlima Kilimanjaro unaanza kutafuta sweta. Mkoa ni uleule na jua ni lilelile. Baridi imetoka wapi?

Imetoka kwenye kimo. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Lango la Marangu liko juu ya Moshi mjini kwa karibu mita 1,000, kwa hiyo mjini kukiwa na nyuzi 31, kule tarajia 25 au pungufu. Kileleni, mita 5,895, ni barafu.

Mvua nayo ina upendeleo wake. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukigonga mlima hulazimika kupanda. Ukipanda unapoa, na unyevu unageuka mawingu na mvua. Ndiyo maana msitu wa upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo ukivuka upande wa pili unashuka ukiwa umeshamwaga maji yake, unapata joto na kukauka. Wataalamu wanapaita kivuli cha mvua. Nyanda za Amboseli, kaskazini mwa mlima, ziko humo. Same nayo ina ukame wake kwa sababu hiyohiyo, ila inayoikinga ni Milima ya Upare.

Wachaga walilijua hili zamani. Kihamba cha migomba na kahawa kiko juu, shamba la mahindi na maharage liko chini tambarare. Upande mmoja ukigoma, mwingine unaweza kuokoa. (Siku hizi vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa vidogo mno, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Hatari iko hapa: maji ya juu hayabaki juu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mvua kubwa inaweza kupiga msituni usiku huku tambarare za Kahe zikiwa kavu kabisa. Mito kama Rau inashuka kwenye mteremko mkali, na maji yakifika chini yanakuta ardhi bapa, yanatapakaa mashambani na majumbani. Watu wanaamka maji yako mlangoni, na juu kuna nyota.

Programu ya hali ya hewa kwenye simu yako ikiandika "Moshi", mara nyingi inazungumzia mji tu, haisemi kitu kuhusu msituni. Anayeishi tambarare afuatilie angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kwa mkoa mzima, na jioni ampigie ndugu aliye juu amuulize: huko kumenyesha?