Pancha Njiani: Jeki na Kabari ni Sehemu ya Mtaji

Mfanyabiashara anayenunua nyanya Ilula, mkoani Iringa, na kuzipeleka Dar es Salaam huanza hesabu zake kwa bei ya tenga shambani. Kisha hujumlisha ushuru, vibarua wa kupakia, mafuta, na posho ya dereva na utingo. Tairi huingia katika hesabu siku linaponunuliwa. Jeki, spana na kabari mara nyingi haziingii kabisa, kwa kuwa "zilikuja na gari".

Safari hiyo ina zaidi ya kilometa 400. Gari hushuka mlima Kitonga, hupita Ruaha Mbuyuni, huvuka Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa zipatazo 50, kisha hushika njia ya Morogoro na Chalinze. Wengi husafiri usiku ili mzigo ufike sokoni alfajiri. Tuseme, kwa mfano tu, tenga linauzwa shilingi 30,000 alfajiri na shilingi 24,000 ikifika saa sita mchana. Gari lenye matenga 100 likichelewa kwa sababu spana haikuingia kwenye nati, shilingi 600,000 zimepotea kabla ya kugusa bei ya tairi lenyewe.

Hiyo bado ni hasara ndogo. Hasara isiyolipika ni utingo kugongwa akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu, au gari kuteleza kwenye jeki na kumwangukia dereva. Ajali za namna hii huzuilika kwa vifaa vya bei ya chini kuliko vingine vyote ndani ya gari, na kwa mwenye gari kuamua mapema nani atabeba gharama ya tairi.

KUSIMAMA MAHALI PANAPOFAA

Tairi likipasuka, dereva ashike usukani kwa mikono miwili, aondoe mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lipungue mwendo lenyewe. Kukanyaga breki kwa nguvu ndiko kunakolipeleka gari mtaroni au kulipindua, hasa likiwa limejaa mzigo.

Baada ya hapo asisimame pale pale. Atafute sehemu iliyo tambarare, ardhi ngumu, mbali na kona na mteremko, ambako gari lote litakuwa nje ya lami. Ikibidi, atembee taratibu juu ya tairi lililokwisha upepo. Tairi hilo litaharibika, na huenda ringi nayo ikapinda. Vyote viwili vinauzwa dukani.

Jambo hili lina uzito zaidi tairi la kulia linapopasuka. Kwa kuwa sisi tunaendesha upande wa kushoto, anayebadili gurudumu la kulia huwapa mgongo wanaopita. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde. Kanuni za udereva za Uingereza zinakadiria kwamba gari dogo katika mwendo huo huhitaji mita 53 kusimama, barabara ikiwa kavu. Lori lenye shehena huhitaji zaidi. Kwa hiyo pembetatu iliyowekwa hatua kumi nyuma ya gari haimsaidii mtu. Iweke angalau hatua 60, na usiku au karibu na kona uende hatua 100 au zaidi. Ukiwa na ya pili, iweke mbele ya gari. Washa taa za tahadhari, wateremshe abiria wote, na wasimame mbali na barabara.

Wengi wetu hukata matawi na kuyatandaza barabarani. Matawi yanasaidia mchana, lakini usiku hayarudishi mwanga. Mawe ni mabaya zaidi, kwani mara nyingi huachwa pale pale baada ya kazi, na anayekuja nyuma ndiye hupasua tairi lake.

BREKI YA MKONO HAITOSHI

Madereva wengi huvuta breki ya mkono, huweka gia na kuanza kupiga jeki. Kwa baadhi ya magari huo ni mtego.

Katika magari madogo mengi, breki ya mkono hushika magurudumu mawili ya nyuma moja kwa moja. Lakini katika malori mengi madogo ya Kijapani, zikiwamo Canter nyingi, na katika Land Rover za zamani, breki hiyo hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi. Shafti ikishikwa, difu bado huruhusu gurudumu moja la nyuma kuzunguka upande huu na la pili upande ule. Yote mawili yakiwa chini, gari hutulia. Ukinyanyua moja, lililo hewani linakuwa huru kuzunguka, na lililobaki chini halishikwi na kitu. Gari linasogea, jeki inalala. Gia nayo haisaidii, kwa sababu na yenyewe hushika kupitia shafti hiyo hiyo.

Dawa yake ni kabari. Ukinyanyua nyuma, ziba magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya tairi. Ukinyanyua mbele, ziba ya nyuma. Seremala yeyote atakukatia vipande vinne vya mbao ngumu vya umbo la pembetatu kutoka kwenye mabaki ya karakana yake. Hakuna kifaa cha gari cha bei nafuu kuliko hicho kinachookoa maisha ya mtu.

JEKI YA UZITO UNAOSTAHILI

Jeki iliyokuja na gari dogo ilitengenezwa kwa gari dogo. Pikapu iliyopakiwa gunia kumi za mchele si gari lile lile lililotoka bandarini likiwa tupu. Kila jeki imeandikwa uwezo wake ubavuni. Kanuni rahisi ya mnunuzi ni hii: jeki iwe na uwezo usiopungua nusu ya uzito wote wa gari pamoja na mzigo. Canter ambayo pamoja na shehena inafikia tani 7 ipewe jeki ya tani 5, wala si ile ya tani 2. Anayezidisha mzigo ajue kwamba anazidisha na uzito unaokaa juu ya jeki.

Kabla ya kulipa katika maduka ya vipuri, pale Gerezani au kwingineko, fanya mambo matatu. Kwanza, angalia kama jeki inavuja mafuta. Pili, ulizia urefu wake ikiwa imeshuka kabisa, kwani tairi likikosa upepo ekseli hushuka, na jeki ndefu haitapita chini yake. Tatu, ukifika nyumbani nyanyua gari na uache dakika kumi bila mtu kulikaribia. Likianza kushuka lenyewe, rudisha jeki kwa muuzaji.

Nunua pia, au jikatie, ubao mgumu wa sentimeta 30 kwa 30, unene wa sentimeta 4 au 5. Huu hukaa chini ya jeki ili isizame kwenye udongo, mchanga au lami iliyolainishwa na jua. Jeki ikae wima, chini ya ekseli au mahali palipoelekezwa na watengenezaji wa gari. Wakati wa kazi, lisukume tairi la akiba chini ya chesisi karibu na jeki. Jeki ikishindwa, gari litaangukia tairi badala ya mtu. Hata hivyo, mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

NATI NA NDOO YA MAJI

Nati hulegezwa nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Ukizilegeza gari likiwa juu, nguvu zako ndizo zitakazoliangusha.

Kwa magari madogo nati hufunguka kuelekea kushoto. Kwa malori mengi ya Kijapani, za upande wa kushoto wa gari hufunguka kuelekea kulia. Angalia ncha ya boliti: mara nyingi utaona herufi L au R. Boliti ngapi zimekatwa njiani na watu wanaokaza wakidhani wanalegeza! Malori hayo yakiwa na matairi pacha nyuma, mara nyingi huwa na nati mbili kwa kila boliti. Ya ndani, yenye kichwa cha mraba, hushika tairi la ndani, na ya nje hushika la nje. Ukishalitoa tairi la nje, hakikisha za ndani zimekaza kabla ya kurudisha.

Spana nayo ina kipimo. Toyota nyingi ndogo hutumia mdomo wa milimita 21, na nati za nje za malori mengi ya Kijapani hutumia 41. Ijaribu kwenye nati za gari lako kabla ya safari.

Wakati wa kurudisha, upande wa nati wenye umbo la koni uelekee ndani kwenye ringi. Zifunge kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa kuvuka: moja ya juu, halafu inayoitazama chini, na kuendelea hivyo. Ukizifuata kwa mduara, ringi inaweza kukaa upande. Shusha gari ndipo umalizie kukaza.

Je, kwa nguvu kiasi gani? Corolla nyingi hutaka nyutoni-mita 103. Kwa lugha ya sokoni, hiyo ni sawa na kutundika ndoo ya maji ya lita 20 kwenye ncha ya mpini wa spana wenye urefu wa nusu mita. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya mpini huo, ameweka zaidi ya mara tatu ya nguvu hiyo. Akiongeza bomba, boliti huvutika, na siku nyingine hukatika gari likiwa mwendoni. Lori hutaka nguvu kubwa zaidi, na kipimo chake kimo katika kitabu cha gari.

Baada ya kilometa 50 hadi 100, simama ukaze tena, kwa kuwa gurudumu jipya hujikalia. Aliyebadili Ruaha Mbuyuni akienda Dar es Salaam akaze tena akiwa Mikumi mjini, kabla ya kuingia hifadhini ambako si mahali pa kushuka garini.

Onyo moja kwa wenye malori ya zamani: ringi yenye pete ya kufungulia inaweza kuruka na kuua. Toa upepo wote kabla ya kugusa nati, na kazi ya kuifungua iachwe kwa fundi mwenye kizuizi cha chuma.

TAIRI LA AKIBA LINA UMRI

Tairi la akiba husahaulika mpaka siku ya shida. Lipimwe upepo kila mwezi. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayenunua matairi ya mtumba asome tarakimu hizo kabla ya kutazama vijino, kwani mpira huzeeka hata bila kutembea. Tairi jembamba la akiba linalokuja na magari mengi madogo ni la kukufikisha kwa fundi tu. Kwa kawaida hutaka upepo wa paundi 60 na mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa, kama lilivyoandikwa lenyewe.

NENO KWA MWENYE GARI

Wengi wa wasomaji wetu hawashiki usukani. Wamewekeza katika pikapu au Canter na kuajiri dereva. Hao ndio wenye sauti ya mwisho katika suala hili, kwa sababu dereva anayejua kwamba tairi na ringi vitakatwa kwenye mshahara wake atasimama kwenye kona ili avinusuru. Mwenye gari aliyedhani amebana matumizi amenunua hatari.

Mwambie dereva wako waziwazi, mbele ya utingo: tairi likipasuka mahali pabaya, tembea nalo mpaka pazuri, gharama ni yangu. Kisha, kabla gari halijaondoka, hesabu mwenyewe: jeki ya uzito unaostahili, ubao, kabari nne, spana iliyojaribiwa, pembetatu mbili, tochi yenye betri, koti linalong'aa, glavu, geji ya upepo na tairi la akiba lenye upepo. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, waambie wabadili gurudumu uani kwako, gari likiwa tupu, nawe umesimama unatazama.

Vifaa hivyo vyote hukaa katika boksi moja nyuma ya kiti. Viandike katika daftari la mtaji, katika ukurasa ule ule wenye bei ya gari.