Masomo ya madini kwa miaka mbili: inawezekana ao hapana?

Kila mwaka, kisha matokeo ya mtihani wa serikali kutoka, ulizo moja inarudi katika familia nyingi za Lubumbashi: mutoto asome nini ili apate kazi katika makampuni ya madini? Wazazi wengi hawana makuta ya kulipa miaka tano ya chuo kikuu. Kwa hiyo wanatafuta njia fupi, na wanasikia mutaani kama kuko masomo ya madini ya miaka mbili tu. Ni vizuri kuelewa ile miaka mbili ni gani, mbele ya kutoa hata franka moja.

Marekani iko, Kongo ni tofauti

Katika inchi ya Marekani, kijana akimaliza shule ya sekondari anaweza kusoma ufundi wa madini kwa miaka mbili na kupata diploma ya chuo. Ile diploma inamuruhusu kufanya kazi ya fundi, ao kuendelea na masomo.

Kwetu Kongo, mupango wa vyuo vikuu haujajengwa hivyo. Zamani, mwanafunzi alisoma kwanza gradua, miaka tatu. Kisha aliongeza lisansi, miaka mbili. Njo sababu katika makampuni watu wangali wanasema A2 kwa mwenye diploma ya serikali, A1 kwa mwenye gradua, na A0 kwa mwenye lisansi ao injinia.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vikuu vimeingia katika mupango mupya, LMD. Sasa lisansi njo ya kwanza: miaka tatu, kredi 180. Masta inafuata: miaka mbili, kredi 120. Mwaka moja ni kredi 60. Kwa hiyo jina lisansi limebaki, lakini maana yake imebadilika. Muzazi aliyesoma zamani na mutoto wa leo wanaweza kusema neno moja na kila mutu awe na diploma tofauti katika kichwa.

Kwa kifupi: miaka mbili iko, lakini inakuja kisha miaka tatu ya kwanza. Mutu akiahidi lisansi ya madini kwa miaka mbili tangu sekondari, aulizwe maulizo mengi.

Fasi gani ya kusoma

Hapa Lubumbashi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) kina kitivo cha Polytechnique, chenye kufundisha madini na metalurjia. Kuwa injinia kule inaomba angalau miaka tano, na hesabu na fizikia ya nguvu. Kule Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, kuko ISTA, chuo cha ufundi chenye kukaa karibu zaidi na kazi ya mikono na mashini.

Kwa mwenye hawezi kungojea, kuko INPP, shirika la serikali lililoanzishwa 1964. Inafundisha ufundi kwa muda mufupi: umeme, kuchomelea vyuma, mekanika. Haitoi diploma ya chuo kikuu, lakini makampuni ya madini yanahitaji hawa mafundi kila siku.

Wanafundisha nini

Watu wengi wanafikiri kusoma madini ni kujifunza kuchimba. Ukweli ni zaidi. Mwanafunzi anajifunza kusoma mawe, kupima udongo, kutumia baruti bila kuua watu, kuingiza hewa safi ndani ya mugodi, na kutoa maji. Upande wa metalurjia, anajifunza namna jiwe linasagwa, linalowekwa katika asidi, na mwishoni umeme unatosha shaba safi.

Mufano iko karibu. Kipushi, kilometa karibu 30 kutoka Lubumbashi, kazi ya mugodi ilisimama 1993. Pampu ziliendelea kutosha maji kwa miaka mingi, juu mugodi uko chini sana. Mwaka 2011 pampu zikaharibika, maji ikajaa. Iliomba miaka ya kazi ya mafundi na mainjinia ili kukausha na kutengeneza, mpaka zinki ikaanza kutoka tena 2024. Mugodi bila fundi wa pampu ni kisima tu.

Mbele ya kulipa

Mambo ine muzazi na mwanafunzi wanapashwa kuangalia:

Moja, chuo kiwe na ruhusa ya wizara ya masomo ya juu. Kibao kizuri kwenye barabara hakitoshi. Ombeni namba ya karatasi ya ruhusa, muende kuhakikisha.

Mbili, ulizeni jina kamili la diploma na kredi ngapi. Cheti cha ufundi ni kitu kizuri, lakini hakiwezi kuhesabiwa kama lisansi.

Tatu, ulizeni juu ya staji. Chuo kinasaidia kupata kampuni ao mwanafunzi anajitafutia? Bila staji, diploma inabaki karatasi.

Ine, hesabuni makuta yote: masomo, staji, safari, kazi ya mwisho. Kuko wanaoacha masomo, si juu ya akili, juu ya makuta.

Na kazi kisha?

Diploma haileti kazi yenyewe. Wengi wanaanza katika makampuni madogo yanayotumikia makampuni makubwa, na kontra fupi. Mwenye kujua usalama wa kazi, kompyuta na Kifaransa kizuri, pamoja na Kiingereza kidogo, anapita mbele.

Familia yenye makuta kidogo inaweza kupanga kwa hatua: ufundi wa muda mufupi kwanza, kazi kidogo, kisha lisansi polepole. Njia hii ni ndefu kuliko ile miaka mbili inayosemwa mutaani, lakini kila hatua inaacha mutoto na kitu mukononi.