Skrini ya kompyuta ikizima, usikimbilie kununua nyingine

FIKIRIA ni siku za mwisho za Juni na duka lako la saiba mtaani Kayole limejaa wateja wanaotaka kuwasilisha taarifa zao za ushuru kwa KRA kabla ya makataa ya tarehe 30. Ghafla stima inapotea. Inaporejea, kompyuta moja inanguruma lakini skrini yake imebaki nyeusi tititi.

Wengi wenye kompyuta za mezani Umoja, Dandora au Kariobangi hudhani papo hapo kwamba skrini imekufa, wakaabiri matatu hadi Luthuli Avenue kusaka nyingine. Hiyo yaweza kuwa hasara ya bure, kwani skrini nyeusi si lazima iwe mbovu. Busara ni kuanza na ukaguzi usiogharimu chochote.

Kwanza, tazama taa ndogo ya skrini. Isipowaka, chunguza umeme. Waya wa umeme wa skrini nyingi hufanana na ule wa kasha la kompyuta, hivyo badilisha nyaya hizo uone. Kumbuka pia kwamba plagi ya pini tatu itumikayo nchini ina fyuzi ndani yake. Fyuzi ikiungua, skrini nzima haitawaka. Nunua nyingine yenye kiwango sawa. Kamwe usiweke kipande cha waya mahali pake.

Pili, taa ikiwaka lakini picha haipo, bonyeza kitufe cha Num Lock kwenye kibodi. Taa ya kitufe hicho ikiwaka na kuzima kila ubonyezapo, yaelekea kompyuta inafanya kazi na hitilafu iko katika waya wa picha, kadi ya picha au skrini yenyewe. Chomoa waya huo na kuurudisha vyema. Ikiwa kompyuta ina kadi ya picha ya ziada, waya uchomekwe hapo, si kwenye tundu la bodi kuu.

Num Lock isipoitika, hasa kasha likitoa milio, shuku RAM. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa RAM, isugue taratibu kwa raba kwenye sehemu za shaba, kisha uirudishe hadi ishike.

Rangi nazo hutoa ushahidi. Katika waya wa VGA, nyekundu, kijani na buluu hupita katika pini tofauti. Skrini ikigeuka ya manjano, buluu imepotea. Ikiwa ya zambarau nyekundu, kijani ndiyo iliyokatika. Tafuta pini iliyopinda au waya uliolegea.

Skrini bapa ikionekana kuzima, imulike kwa tochi kutoka upande. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya kioo au saketi yake imeharibika. Hapo mwite fundi.

Onyo: usifungue skrini za zamani zenye mgongo. Ndani yake umeme hufikia zaidi ya volti 20,000, na waweza kubakia hata baada ya kuchomoa waya.

Kinga ni bora kuliko tiba. Umeme wa nyumbani nchini ni volti 240, lakini unaporejea baada ya kupotea waweza kupanda ghafla na kuunguza vifaa. Wakenya walikumbushwa udhaifu wa gridi usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipoachwa gizani. Stima ikipotea, chomoa kompyuta na skrini, kisha subiri dakika chache baada ya kurejea kabla ya kuwasha. Mwenye uwezo atumie UPS.

Na iwapo skrini imekufa kweli, usiitupe jaani Dandora. Kioo cha zile zenye mgongo kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi hupokea taka za kielektroniki.