Mwanafunzi Mgeni Apewe Jembe

Kila mwaka, inapowadia miezi ya Juni na Julai, vijana kutoka nchi za nje huonekana katika mitaa ya Mji Mkongwe wakiwa na madaftari mikononi. Hawa si watalii. Wamekuja Unguja kujifunza lugha yetu, kazi ambayo visiwa hivi vimeifanya kwa zaidi ya miaka 40, tangu ilipoundwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Tangu mwaka 2023 wamekuwapo pia wanafunzi wa tawi la chuo cha IIT Madras cha India, waliofuata elimu ya kompyuta. Wote hao ni wageni wetu, na ugeni wao si wa wiki moja.

Hatuna uhaba wa sherehe za kuwaalika. Mwezi wa Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Kuna Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998. Na mwezi wa Julai, huko Makunduchi, kuna Mwaka Kogwa, ambao ni mkongwe kuliko matamasha hayo yote. Swali letu si kama sherehe zipo. Swali letu ni hili: mwanafunzi mgeni anapofika katika sherehe hizo, anapewa nafasi gani?

Mara nyingi hupewa kiti cha mbele, hupigwa picha, hupewa soda, kisha hurudishwa bwenini. Amefurahi, ndiyo, lakini amefurahi kama mtalii, na lugha aliyoifuata hakuizungumza na mtu. Wahenga hawakutuelekeza hivyo. Walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hudhani methali hii ni ya kumfukuza mgeni. Sisi tunaamini kwamba ni ya kumkaribisha, kwani anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mmoja wa nyumba ile.

Watu wa Makunduchi wanalijua jambo hilo. Siku ya Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na baadaye watu hula pamoja. Huko huaminika kwamba si heri mtu kukosa mgeni siku hiyo. Hapo mgeni si mtazamaji. Yeye ni sehemu ya heri ya mwaka mpya. Tena sherehe ile haingoji mfadhili. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha, na wapenzi wa muziki walisikitika kwa haki. Mwaka Kogwa hauwezi kufutwa kwa sababu hiyo, maana wenyewe huufanya kwa ajili yao wenyewe, awepo mwanafunzi kutoka ng'ambo au asiwepo.

Lakini mfano mkubwa kuliko huo hauko visiwani. Uko kusini mwa Tanzania Bara, mkoani Lindi, katika nchi ya Ruponda, Nachingwea na Ruangwa. Wengi wetu huijua nchi hiyo kwa korosho na ufuta tu. Wazee wanaikumbuka kwa mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuvunjika baada ya miaka michache. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mjini Nachingwea imebaki kata iitwayo Stesheni, wala hakuna garimoshi.

Katika nchi hiyo, mwaka 1965, chama cha ukombozi cha Msumbiji, FRELIMO, kilifungua kituo chake cha maandalizi ya kisiasa na kijeshi. Vijana waliofika hapo walikuwa askari, na walikuwa wanafunzi pia. Waliosoma kidogo waliwafundisha wasiojua kusoma. Mwaka 1967 waliwasili wasichana wa kwanza kupata mafunzo ya kijeshi, miongoni mwao Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Alifariki tarehe 7 Aprili 1971, na tarehe hiyo sasa ni Siku ya Wanawake nchini Msumbiji.

Vijana hao walishika jembe kwa maana yake hasa, kwani kambi ililima chakula chake. Na walikuwa na sikukuu zao za kila mwaka. Tarehe 25 Juni walikumbuka kuundwa kwa chama chao mjini Dar es Salaam mwaka 1962. Tarehe 25 Septemba walikumbuka kuanza kwa vita vya ukombozi mwaka 1964. Katika mikusanyiko ya kambini, kijana wa kusini mwa Msumbiji alijifunza ngoma ya Wamakonde, na Mmakonde akajifunza ngoma ya kusini. Watu ambao nyumbani hawakupata kuonana walifahamiana kwa kuchezeana ngoma katika nchi ya ugenini. Walirudi kwao na desturi hiyo, na wengi wao walirudi na Kiswahili pia. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na mwaka 1978 ikafanya tamasha lake la kwanza la taifa la ngoma za wananchi.

Mkoani Morogoro mambo yalifanana na hayo. Wanafunzi wa Afrika Kusini waliosoma Mazimbu, katika shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, waliadhimisha kila mwaka tarehe 16 Juni, siku ya maasi ya vijana wa Soweto ya mwaka 1976. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1992, na majengo yake sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Sherehe za Mazimbu na za Nachingwea hazikuwa burudani ya kumpumzisha mgeni. Zilikuwa sehemu ya masomo yake.

Basi tunauliza: kwa nini mwanafunzi anayekuja leo kujifunza Kiswahili aishie Forodhani? Baada ya mavuno, katika kiangazi, nchi ya Ruponda huingia katika msimu wake wa furaha. Mahindi, mtama na ufuta vimeingia ghalani, na vijana hutolewa jandoni kwa ngoma na karamu. Tarehe 8 Agosti wakulima wa kusini hukutana Ngongo, mjini Lindi, kwa sherehe ya Nane Nane. Mwanafunzi akikaa wiki tatu katika kaya moja wakati huo, akapura ufuta mchana na kusikiliza hadithi usiku, atajifunza maneno ambayo darasani hayafiki. Atajua pia kwamba Kiswahili cha Mmwera kina ladha yake, kama kilivyo na ladha yake cha Mmakunduchi.

Lazima tutoe tahadhari. Ya kumbini yabaki kumbini. Mafunzo ya jando na unyago yana wenyewe, na hakuna hati ya chuo wala barua ya ofisi inayompa mgeni ruhusa ya kuingia humo na kamera. Yaliyo wazi ni siku ya kutoka, na siku hiyo inatosha. Pia tusije tukasogeza tarehe za wananchi ili zilingane na likizo za Ulaya na Marekani, wala tusiwatoe watoto wa shule madarasani kwenda kucheza juani kila linapofika basi la wageni. Sherehe inayofanywa kwa amri hufa siku mwenye amri anapohamishwa.

Kwa viongozi wetu tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, vyuo vya Zanzibar vifanye mapatano na halmashauri za Nachingwea na Ruangwa, ili wanafunzi wageni wapokewe katika kaya, nazo kaya zilipwe gharama zao moja kwa moja. La pili, mkoa wa Lindi ufikirie kuifanya tarehe 25 Septemba kuwa siku ya ngoma pale Nachingwea, pamoja na ndugu zetu wa Msumbiji, kabla wazee wanaoikumbuka kambi hawajatutoka. La tatu, kila chuo kimtake mwanafunzi mgeni aandike kwa Kiswahili alichokiona na alichokifanya, na nakala ibaki kijijini.

Safari si fupi. Kuna bahari ya kuvuka, na kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni yapata kilomita 450. Lakini vijana wa Msumbiji walifika Nachingwea kwa njia ngumu kuliko hiyo. Wananchi wa kusini waliwapokea, na hao waliopokewa ndio waliokwenda kulijenga taifa lao. Nasi visiwani tunao wageni wanaosoma lugha yetu. Tumewapa viti vya kutosha. Sasa tuwape jembe.