Koti Kifuani, Kahawa Tumboni: Kweli na Uongo wa Mavazi ya Baiskeli Pwani

Pita na baiskeli Kibokoni alfajiri, umevaa helmeti na jezi ya rangi kali, uone kama utafika Fort Jesus bila kupewa ushauri. Mzee wa barazani atakuuliza mbona umevaa nyeusi, hulijui jua la Mombasa? Muuza kahawa atakuapia kwamba kikombe kimoja kitakuondolea joto mpaka Mtwapa. Kijana wa bodaboda, ambaye mwenyewe kavaa jaketi mbele nyuma, atakuonya kuhusu kifua chako. Wote wanakutakia mema. Lakini hawawezi wote kuwa sahihi.

Najua nawe umeshayasikia hayo, pengine umeshayasema. Leo tuyapime moja moja, ila kwanza tukubaliane juu ya mizani. Mwendesha baiskeli hapozwi na jasho linalotoka, hupozwa na jasho linalokauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilokalori 580. Lita hiyo hiyo ikidondoka kwenye lami ya Nyali, umepoteza maji na chumvi bure. Na hewa ya kisiwa hiki, unaijua: imeshashiba maji, jasho halina pa kwenda. Basi karibu kila swali la mavazi hapa kwetu linarudi pale pale, je, upepo unalifikia jasho?

"Pwani ni pamba. Hizo jezi za plastiki zitakupika."

Nusu kweli. Mzee hakukosea kuziita plastiki. Poliesta ni ndugu wa damu wa chupa ya maji. Na kwa safari ya kutoka Kuze hadi Marikiti kununua viungo, fulana ya pamba ni raha tupu, sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza ukishavuka daraja na kuendelea. Pamba hupenda maji kuliko kitu chochote: hata ikiwa kavu kabatini hubeba unyevu wa asilimia 7 au 8 ya uzito wake, na poliesta hubeba karibu asilimia 0.4 tu. Ikilowa jasho inalishikilia. Ukifika Kilifi fulana inaning'inia mgongoni kama tambara la deki, na kwapa zimeanza kuchubuka.

Usiniamini mimi. Chukua fulana ya pamba na jezi ya mtumba kutoka Kongowea, ziloweshe zote mbili, zikamue, zianike kivulini pamoja. Utakusanya jezi na kuikunja, fulana ukiiacha palepale kwenye kamba.

Kuna pahali pamba inashinda, nako ni kule juu nyikani, kati ya Mariakani na Voi. Nyika hiyo ya Taru ni kavu. Fulana iliyoloweshwa maji hukauka haraka na kukupoza vizuri. Ile ile iliyokutesa Kilifi inakuwa rafiki. Nguo haikubadilika, hewa ndiyo iliyobadilika.

"Nguo nyeusi inavuta joto."

Inategemea imekubana au imekuachia. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa katika jangwa la Negev, ambako Mabedui huvaa majoho meusi katika joto ambalo hata mbuzi hulilalamikia. Watafiti walilinganisha joho jeusi na jeupe. Naam, jeusi lilinasa joto zaidi kwenye kitambaa chake. Lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa, kwa sababu joho ni pana na hewa inayopita ndani yake ilichukua ile ziada kabla haijafika mwilini. Mama zetu wa mabuibui walikuwa na hoja muda wote huo, na waliowahurumia jua la Ndia Kuu wangewauliza kwanza.

Ila jezi ya baiskeli si buibui. Imeganda mwilini, hakuna nafasi ya hewa kati yake na ngozi, kwa hiyo joto inalonasa linakufikia wewe. Kwa nguo ya kubana chagua rangi hafifu. Na mikono iwe mirefu, ya kitambaa chepesi. Anayesema mikono mirefu inaongeza joto hajamtazama mvaa kanzu akitoka msikitini saa saba mchana. Mawingu ya kusi nayo yasikudanganye ukajifunua, kwani mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale inayounguza, na ngozi nyeusi inajikinga zaidi lakini haijikingi kabisa.

"Ukisukumwa na upepo husikii joto."

Uongo, na ndio unaoangusha watu wengi kuliko wote. Tuseme ni Februari, kaskazi inavuma kilomita 20 kwa saa, nawe umeshuka feri Likoni unaelekea Msambweni kwa mwendo wa 25. Hesabu: upepo unaokugusa ni wa kilomita 5 tu. Unakwenda kasi, unajisifu, na huku umekaa ndani ya chungu. Jasho linakuingia machoni. Ukigeuza na kurudi kwa 18, upepo ule ule unakupiga kwa 38. Miguu inalia lakini ngozi imekauka na unajiona mzima.

Mbaya zaidi, kaskazi inayokusukuma kusini inavuma katika miezi ambayo Mombasa ni moto kuliko yote, mchana ukigonga nyuzi 32 au 33. Majahazi ya Ghuba yalikuja kwetu na upepo huo na kurudi na kusi, na mabaharia wake walijua kwamba tanga likijaa kutoka nyuma, sitahani hakuna hewa. Basi siku ya upepo wa mgongoni ndiyo siku ya kufungua zipu mpaka chini na kunywa mapema. Siku ya upepo wa mbele kazi ni nyingine: fulana pana inageuka tanga na kukuvuta nyuma. Hapo ndipo nguo ya kubana inapolipa gharama yake, wala si majivuno kama watu wanavyodhani.

"Kahawa ya moto hupoza mwili."

Kweli, lakini si hapa. Hili nililifanyia kejeli miaka mingi mbele ya dele la kahawa tungu, mpaka nikakutana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, ya mwaka 2012. Waliwapandisha wanaume tisa kwenye baiskeli za maabara na kuwanywesha maji ya viwango mbalimbali, kuanzia nyuzi 1.5, karibu na barafu, hadi nyuzi 50. Walipokunywa ya moto ndipo walipobaki na joto dogo zaidi mwilini. Sababu ni kwamba kinywaji cha moto kinauamuru mwili utoe jasho zaidi, na jasho hilo la ziada likikauka linaondoka na joto zaidi kuliko lile ulilolinywa.

Rudia maneno hayo: likikauka. Kule maabara hewa iliachwa ilikaushe lote. Mombasa asubuhi ya Machi jasho la ziada ni la kudondoka tu, kwa hiyo kahawa inakuongezea joto na kukupunguzia maji. Anayeisifu kahawa yake kwa msafiri wa jangwani anasema kweli. Mimi naendelea kuinywa, lakini baada ya safari, na kipande cha haluwa.

"Ukiendesha kifua wazi utapata nimonia."

Sababu ni uongo, dawa ni kweli. Nimonia huletwa na vijidudu, bakteria au virusi; upepo haujawahi kumwambukiza mtu. Mafua nayo ni virusi, vinavyotoka kwa mwenzako anayepiga chafya kwenye matatu. Kijana wa bodaboda anayevaa jaketi mbele nyuma saa nane mchana pale Mwembe Tayari anajipika kwa sababu isiyokuwepo.

Lakini usimcheke sana. Peleka baiskeli yako Taita, panda kutoka Mwatate hadi Wundanyi, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Joto hupungua kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na huko juu mara nyingi kuna ukungu. Unafika kileleni umelowa jasho la kupanda, halafu unaanza kuteremka kwa kasi bila kukanyaga pedali. Sasa lile jasho lililokataa kukauka Mombasa linakauka lote kwa mpigo. Meno yanagongana, vidole haviwezi kubana breki, na kwenye kona za mlima breki ndiyo roho yako.

Dawa yake ni gazeti. Likunjue, litie chini ya jezi, kifuani. Hii si hila ya Wapwani wala ya Wataita peke yao: katika milima ya Ufaransa, mashabiki wa Tour de France waliwapa wapanda baiskeli magazeti kileleni kwa miongo mingi, katika mashindano yale yale ambayo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kimchezo na David Kinjah, aliyashinda mara nne kati ya 2013 na 2017. Karatasi inazuia upepo, inanyonya jasho kidogo, na ukifika chini unaitoa. Kwa hiyo kijana wetu ana vazi sahihi, ila kalivaa nyuzi nane mapema.

"Masika yakianza, nunua koti zito la mvua."

Uongo kwa kisiwani. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kwetu, lakini ni mvua ya vuguvugu. Mwezi huo kipimajoto ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Ndani ya koti lisilopitisha hewa utalowa kwa jasho lako mwenyewe, na tofauti pekee ni kwamba jasho lina chumvi. Kubali kulowa. Vaa nguo nyepesi inayokauka upesi, weka simu na pesa kwenye kitu kisichopitisha maji, na washa taa. Zamani tulifunga miguu kwa mifuko ya plastiki, mpaka ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Soksi hazikupata hasara yoyote, maana hata zamani zilikuwa zikilowa. Koti libebe kama safari inaendelea mpaka Nairobi, kilomita 480 hivi, kwani Julai ya kule usiku ni baridi ya kweli.

"Vaa nailoni utoe jasho upunguze kitambi."

Uongo mtupu. Kilichopungua kwenye mizani ni maji. Utakirudisha na glasi tatu za sharubati.

"Kizibao cha kung'aa kinatosha gizani."

Hakitoshi. Ile rangi ya kijani-njano inang'aa kwa nguvu ya miale ya jua, na saa kumi na moja alfajiri jua halipo. Kinachofanya kazi ni mistari ya kuakisi mwanga wa taa za gari, na inafaa zaidi ikifungwa vifundoni na magotini. Dereva wa lori akiona vitu viwili vinapanda na kushuka anatambua mara moja kwamba yule ni binadamu anayekanyaga pedali.

"Ndani ya kaptura ya pedi lazima uvae chupi, ndiyo heshima."

Uongo. Pedi ile imeshonwa iguse ngozi. Mishono ya chupi ikikaa kati yake na kiti cha baiskeli kwa saa nne, kesho yake utakula ukiwa umesimama. Zamani pedi ilikuwa ngozi laini ya mnyama iliyopakwa mafuta, na hata wakati huo hapakuwa na chupi ndani yake. Heshima ni jambo jingine, nami nakubaliana na wazee: hupiti mbele ya watu wanaokwenda kuswali msikiti wa Mandhry umebanwa hivyo. Ukishuka kwenye baiskeli, jifunge kikoi juu yake, yameisha.

"Kikoi cha maji shingoni ndiyo helmeti ya Mswahili."

Kweli kuhusu shingo, uongo kuhusu helmeti. Kikoi hakijawahi kukinga fuvu na lami, na wanaosema helmeti hupika ubongo wamesahau kwamba hata kofia zetu za mkono hushonwa zikaachwa matobo madogo ili hewa ipite. Helmeti nzuri imeiga hekima hiyo hiyo kwa matobo makubwa.

Ila kwa shingo, wazee wapewe heko. Damu nyingi hupita pale karibu na ngozi, na upepo wa baiskeli hukausha kitambaa hata Mombasa. Timu kubwa za Ulaya hufanya jambo hilo hilo kwa gharama zaidi: hujaza barafu kwenye soksi ndefu za nailoni za kike na kuzitia chini ya jezi, nyuma ya shingo. Sisi tunahitaji bomba la maji na robo ya kikoi kilichochakaa. Na kichakae kweli, maana kitambaa kipya kutoka Biashara Street bado kina dawa ya kiwandani na hakinyonyi maji vizuri mpaka kifuliwe mara tatu au nne.